Hesabu ya Tawi



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja hapa Malaba alifiwa. Tulipokwenda kutoa fedha ya mazishi, kisanduku kilisema moja na kitabu kikasema jingine. Hatusemi mtu ameiba. Twasema hakuna awezaye kuonyesha kwamba hakuiba, na hilo lamwumiza mweka hazina mwenyewe kuliko sisi sote.

Mzizi twaujua. Hapa mpakani wengine hutoa mchango kwa shilingi ya Kenya, wengine ya Uganda. Hadi 1966 shilingi ilikuwa moja ya Afrika Mashariki. Sasa ni mbili, na thamani zao ziko mbali sana. Karani akiandika "shilingi elfu moja" bila kusema ya wapi, hesabu imekwisha kuharibika. Basi iandikwe ya nchi gani, na siku ile ilibadilishwa kwa kiasi gani. Risiti itolewe papo hapo. Fedha ipelekwe benki Busia, nayo isitolewe bila sahihi za watu watatu, wala wasiwe wa ukoo mmoja (hilo nalo tumeliona).

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 yamtaka mweka hazina awape wanachama hesabu ya kweli. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu. Mkutano ujao kitabu kitakuwa mezani. Njoni mkisome, hata ninyi wa zamu ya usiku.