Tawi likichangia damu, lipime na kiuno

Kila msimu mpya unapokaribia, matawi ya klabu zetu huchangamka. Iwe wiki ya Simba Day au Wiki ya Mwananchi, mambo ni yale yale mazuri: jezi mpya, usafi hospitalini, kuchangia damu, kutembelea wagonjwa, halafu siku yenyewe ikifika watu wanajaa kwa Mkapa. Tunalipongeza hilo, tena bila unafiki.

Safari hii tuna ombi moja kwa viongozi wa matawi. Mkiwa mnaandaa vitanda vya kuchangia damu, nunueni na futi ya fundi cherehani. Bei yake haifiki hata tiketi ya mzunguko. Futi hiyo inaweza kuokoa maisha ya mama anayeongoza shangwe za tawi lenu.

Tuseme ukweli. Kina mama na kina dada ndio roho ya majukwaa yetu. Wanafika saa tano asubuhi kwa mechi ya saa kumi na moja jioni, wanacheza, wanaimba, na timu ikifungwa wanabaki kuwafariji wengine. Wengi wao ni mabonge, kama ilivyo mitaani. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Hiyo ni zaidi ya mmoja katika kila wanne.

Na jukwaani tunawafanyia nini? Utani. "Dada, wewe ungekata tiketi mbili." Watu wanacheka, naye anacheka, maisha yanaendelea. Utani wa jadi hatuna ugomvi nao, lakini huu wa miili una kasoro mbili. Unaumiza, halafu unatazama mahali ambapo mpira haupo. Kwa sababu suala si ubonge peke yake. Suala ni mafuta yamekaa wapi.

Chukua wanawake wawili, wote urefu sawa, wote kilo 95. Wa kwanza mafuta yake yako kwenye nyonga, makalio na mapaja, lile umbo mtaani tunaloliita namba nane. Wa pili mafuta yake yako tumboni. Mizani inawapa sare. Mwili hauwapi sare.

Aliyeliona hilo mapema ni daktari Jean Vague wa Marseille, mji ambao shabiki wa soka anaujua kwa Olympique na kelele za Velodrome. Mwaka 1947 aliandika kuwa unene wa sehemu ya juu ya mwili na unene wa sehemu ya chini havina madhara sawa, na kwamba ule wa juu ndio unaoambatana zaidi na kisukari. Wenzake hawakumtilia maanani sana kwa miaka mingi.

Mwaka 1982 Ahmed Kissebah na wenzake wa Milwaukee, Marekani, wakaliweka jambo hilo kwenye mizani ya kisayansi. Walichukua wanawake 25 wanene, wote wakionekana wazima, wakawanywesha maji ya sukari na kupima damu zao. Kati ya 16 ambao unene wao ulikuwa sehemu ya juu ya mwili, 10 walikutwa na vipimo vya kisukari. Kati ya wale wa unene wa nyonga na mapaja, hakuna hata mmoja. Kwa lugha yetu ya uwanjani, kumi bila. Kundi lilikuwa dogo, lakini tafiti kubwa zilizofuata zimeendelea kuonyesha picha hiyo hiyo.

Rudia neno moja hapo: wote walionekana wazima. Hawakuwa na kidonda wala kiu ya ajabu. Wangeweza kuwa wamekaa pembeni yako wakipuliza vuvuzela.

Kwa nini iwe hivyo? Fikiria geti la Mkapa siku ya derby. Sukari inayotokana na ugali, wali, chapati na soda ndiyo mashabiki walio kwenye foleni. Misuli ndiyo majukwaa. Insulini, inayotengenezwa na kongosho, ndiye mlinzi anayefungua geti ili watu waingie na kukaa. Geti likifunguka vizuri, nje kunabaki shwari.

Sasa mafuta yaliyo ndani kabisa ya tumbo, yale yanayozunguka utumbo, hayatulii. Yanayeyuka kirahisi na kuingia kwenye damu, na damu ya eneo hilo inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likijaa mafuta linakuwa sugu: insulini inaliambia liache kumwaga sukari, lenyewe linaendelea kumwaga. Misuli nayo inaanza kugoma. Geti limekwama na foleni inarefuka.

Kongosho likiona hivyo linaleta walinzi zaidi. Insulini inapanda, sukari inashikiliwa, mtu hajisikii kitu. Inaweza kwenda hivyo miaka na miaka. Siku kongosho linapochoka, ndipo unasikia mama fulani wa tawi fulani amelazwa, sukari imepanda, macho hayaoni vizuri, mguu una kidonda kisichopona. Watu wanasema imeanza ghafla. Haikuanza ghafla hata kidogo.

Mafuta ya nyonga na mapaja kwa kawaida ni wachezaji wa akiba wenye nidhamu. Yanakaa benchi, yanahifadhi nishati, hayavamii uwanja. Hiyo haina maana kwamba mwenye namba nane amepewa kinga. Uzito mkubwa bado unaumiza magoti na kupandisha presha. Tena mwanamke akifikia ukomo wa hedhi, mafuta huanza kuhamia tumboni. Aliyekuwa salama akiwa na miaka 35 asijisahau akiwa na 52.

Tunajua kuna wadau watakaosema dawa ipo: mkanda wa kubana tumbo, au kwenda kunyonywa mafuta kama mastaa. Mkanda unabana nguo tu, mafuta yanabaki pale pale. Na kuhusu kunyonya, mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa taarifa ya wanawake 15 wanene walionyonywa mafuta mengi ya tumbo. Wiki kadhaa baadaye uwezo wa insulini kufanya kazi ulikuwa haujabadilika. Mashine inanyonya mafuta yaliyo chini ya ngozi. Haigusi yaliyozunguka utumbo.

Sasa basi, futi ifanye nini? Mama asimame wima, atoe pumzi taratibu, apimwe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, futi ikiwa imelala bila kubana. Kwa mwanamke, Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia sentimita 80 hatari inaongezeka, na kuanzia 88 inaongezeka sana. Kuna kanuni nyingine rahisi zaidi: kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Mwenye urefu wa sentimita 160, kiuno chake kisivuke 80. Aliyevuka hajahukumiwa kuwa mgonjwa. Ameambiwa aende kituo cha afya akapime sukari na presha, basi.

Na tunasisitiza jambo moja kwa viongozi wa matawi. Upimaji huo ufanywe na muuguzi mwanamke, nyuma ya pazia, na namba iandikwe kwenye karatasi anayoondoka nayo mwenyewe. Asitokee MC wa kutangaza viuno vya watu kwenye spika. Mkifanya hivyo mara moja tu, mwaka unaofuata hamtamuona mtu.

Baada ya kupima, mpira wenyewe uingie kazini. Uskoti, klabu za ligi kuu, Celtic na Rangers zikiwamo, ziliwaita mashabiki wanaume wanene kwenye viwanja vyao kwa wiki 12, wakifundishwa na makocha wa klabu namna ya kula na kufanya mazoezi. Taarifa ya mwaka 2014 ilionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya kuanza, walikuwa wamepungua karibu kilo tano zaidi ya wenzao ambao bado hawajaitwa. Wanaume wale hawakuvutwa na daktari. Walivutwa na jezi.

Kwa wanawake, mfano uko visiwa vya Faroe. Wenye umri wa miaka 35 hadi 50, wenye presha na wasio na mazoea ya michezo, walicheza mpira wa viwanja vidogo saa moja mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15. Presha ilishuka, mafuta ya mwili yakapungua. Hawakuwa wachezaji. Walikuwa kina mama wa kawaida tu.

Sisi tunashindwa nini? Simba Queens na Yanga Princess wapo. Mchezaji mmoja na kocha mmoja wakitembelea tawi moja Jumamosi asubuhi, wakagawa bibs, wakaweka goli dogo, kina mama watakuja. Wengine wataanza kwa kutembea, sawa tu. Misuli inayofanya kazi inapokea sukari hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Ni sawa na kufungua geti la pembeni foleni ya mbele ikiwa imekwama. Soda baada ya mazoezi iwe maji.

Klabu zetu zinajua kuhesabu wanachama, kuuza kadi na kuuza jezi. Tunaziomba sasa zihesabu pia ni mama wangapi wamepimwa kabla ya filimbi ya kwanza ya msimu. Yule mama anayefika uwanjani saa tano asubuhi ametupa mengi. Asije akakosa msimu ujao kwa tatizo ambalo futi ya fundi cherehani ingeweza kuligundua mapema.