Pakiti Safi Si Nyama Safi

Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja hapa Kampala hanunui nyama buchani. Anasema bucha ni ya nzi na vumbi. Yeye hununua soseji za kiwandani, zilizofungwa vizuri na kupigwa tarehe, akazila baridi ndani ya mkate. Wengi wetu tunafikiri kama yeye. Mimi nasema tunajidanganya: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Tutazame Afrika Kusini. Mwaka 2017 na 2018 watu zaidi ya 1,000 waliugua ugonjwa wa listeria, na zaidi ya 200 wakafa. Sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga, ambao huambukizwa kupitia mama zao. Januari 2018 watoto tisa wa kituo kimoja cha malezi huko Soweto waliugua, na wachunguzi wakakuta poloni katika friji ya kituo hicho. Tarehe 4 Machi serikali ilitangaza chanzo: kiwanda kikubwa cha nyama mjini Polokwane. Haikuwa bucha ya kichochoroni.

Bakteria huyu hukua hata ndani ya friji, na poloni huliwa bila kupikwa tena. Nyama ya bucha chafu hudhuru mtaa mmoja, tena huchemshwa kwanza. Uchafu wa kiwanda hupanda lori, ukafika kila duka na kuvuka mipaka.

Wapo watakaosema kwamba viwanda vina maabara. Ni kweli, lakini majibu ya maabara hizo hukaa kwa mwenye kiwanda. Na huko Afrika Kusini, hadi Desemba 2017 sheria haikuwalazimu hata madaktari kutoa taarifa za ugonjwa huo. Watu walizikwa kabla chanzo hakijajulikana.

Sisemi turudi kwa nzi. Bucha nayo isafishwe. Ninachodai ni hiki: mkaguzi wa serikali aingie kiwandani bila kutangaza siku, awe na mamlaka ya kukifunga, na majibu ya vipimo yatangazwe kwa walaji.

Mwenzangu aliniuliza, "Basi tule nini?" Nilimjibu: leo tuzipike soseji hizo mpaka ziive. Kesho tuulize nani alizikagua, na kama hatujibiwi, tusinunue.