Usiangalie sura tu, angalia na vilivyo nyuma

Nilipokuwa darasa la nne hapa Nyarugusu, mwalimu alituambia kila mmoja aandike kazi ya wazazi wake. Mwenzangu wa dawati moja aliandika "mkulima", maana baba yake kila jioni alikuwa anasimulia mashamba yao ya Fizi. Mimi nilifikiri kidogo, nikaandika "mkimbizi". Sikuwa natania. Nimezaliwa kambini, na kazi niliyowaona wazazi wangu wakifanya ilikuwa kupanga foleni ya mgao, kutafuta kuni na kuteka maji. Nilidhani hiyo ndiyo kazi yao.

Nyumbani tuna picha tatu tu za karatasi. Zilivuka Ziwa Tanganyika ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kadi za ubatizo. Moja nimeiona tangu utoto: koko zangu wawili, wazazi wake mama, wamesimama mbele ya nyumba Uvira, na watoto wanne mbele yao. Mama ndiye yule mdogo aliyekaa chini. Siku zote tulikuwa tunaangalia sura. Nani anafanana na nani, nani amerithi paji la uso la koko. Tunacheka, picha inarudi kwenye mfuko.

Mwaka jana niliipiga kwa simu ili isipotee. Nikaikuza niangalie kama imetoka vizuri, na hapo nikaona kitu mlangoni, nyuma ya bega la koko mwanamke. Cherehani. Nikamuuliza mama, hii ni ya nani?

Akasema, "Ile mashini ni ya koko yako. Njo ilitusomesha sisi bote."

Yaani miaka yote hiyo sikujua kwamba koko alikuwa fundi wa nguo! Mama aliongea mpaka usiku. Shule kule zinafungua mwezi wa tisa, kwa hiyo mwezi wa nane wote koko alikuwa halali, anashona sare za watoto wa mtaa mzima. Wasiokuwa na pesa walilipa kwa ndagala. Mama ndiye alikuwa anatumwa kununua uzi na vifungo. Kumbe nilikuwa na jibu la mwalimu tangu zamani, liko ndani ya mfuko wa plastiki chini ya kitanda.

Ndiyo maana naandika leo. Vijana wenzangu, tunazipenda picha za zamani, lakini nyingi tunazipenda vibaya. Tunaziweka mtandaoni, tunaandika "enzi hizo" au "wazee walikuwa wanapendeza", basi. Mimi naona thamani yake kubwa iko kwenye vile vitu ambavyo hakuna aliyetaka kuvipiga: sufuria iliyoanikwa, baiskeli iliyoegemezwa ukutani, kikwembe kwenye kamba, cherehani mlangoni. Mtu akipigwa picha anajipanga. Vitu vya nyuma havijipangi, ndivyo vinavyosema watu waliishi namna gani.

Vitu hivyo vinasema hata tarehe. Nyuma ya picha yetu hapajaandikwa kitu. Lakini koko mwanaume amevaa abacost, lile koti la bila tai la wakati wa Mobutu, ambalo jina lake linatokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti chini". Suti na tai zilikatazwa Zaïre mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpaka zikaruhusiwa tena mwaka 1990. Mama alizaliwa 1974, na kwenye picha meno yake ya mbele yametoka, mapya hayajaota. Tukapiga hesabu: ni kama 1980 au 1981. Nguo na meno vimetupa mwaka.

Hata mafundi wakubwa wa picha walijua hilo. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Alikuwa anatundika kitambaa nyuma ya wateja, na kitambaa cha kwanza kilikuwa shuka la kitandani kwake. Kila baada ya miaka michache alibadilisha. Baadaye sana, alipotaka kujua picha fulani ni ya lini, aliangalia kitambaa.

Najua mtu atasema: lakini picha za zamani nazo zinadanganya! Ni kweli. Kwa Keïta huyo huyo, mteja aliweza kupiga picha na redio ya studio, au saa ya studio mkononi, akarudi kwao bila redio wala saa. Lakini hata huo uongo unatufundisha kitu. Unatuonyesha watu wa wakati ule walitamani nini. Sisi je, hatukodi jaketi siku ya sikukuu?

Na hapa ndipo pananiuma. Sisi tunapigwa picha nyingi kuliko koko zetu, ila ni za aina mbili. Kuna zile wanazopiga wageni: foleni, turubai, mtoto na ndoo. Si uongo, foleni ipo. Lakini anayezitazama anaweza kufikiri kama nilivyofikiri mimi darasa la nne, kwamba ukimbizi ni kazi. Halafu kuna zile tunazopiga wenyewe: tunatafuta ukuta mzuri, tunakata ndoo isionekane, tunang'arisha sura mpaka mtu hajulikani. Mama anayekaanga mandazi alfajiri, nani anampiga? Fundi baiskeli chini ya mti, kwaya ikifanya mazoezi, kibanda cha kuchaji simu, nani anavipiga? Miaka arobaini ijayo watoto wetu watauliza tuliishi vipi hapa. Tutawaonyesha ukuta?

Jambo lingine, tusiwalazimishe wazee. Jirani yetu mmoja hataki kabisa kuona picha yake ya harusi, kwa sababu nusu ya watu waliomo hawapo tena. Mwacheni. Siku akitaka, ataita mwenyewe. Na usiweke mtandaoni picha yenye watu wengine kabla ya kuuliza. Wewe unaona kumbukumbu tu, lakini kuna mtu ambaye hataki kutambuliwa alipo, na ana sababu zake.

Lakini kwa mzee ambaye yuko tayari, usingoje. Mama yangu anakumbuka majina ya watoto wote wanne. Akisahau, hakuna mwingine hapa kambini wa kutuambia. Fanya hivi: kaa naye mchana, penye mwanga. Usianze na "huyu ni nani" tu. Onyesha kitu: hiki nini, kilinunuliwa wapi, nani alikuwa anakitumia? Utashangaa maneno yatakayotoka. Kisha andika nyuma ya picha kwa penseli, taratibu, maana wino wa kalamu unaweza kupenya na kuharibu upande wa pili. Piga nakala kwa simu kivulini ili karatasi isimetemete, na umtumie ndugu aliye mbali, simu ikiibiwa nakala ibaki. Karatasi yenyewe irudi kwenye plastiki, mbali na mvua.

Na kesho asubuhi mpige picha mama yako akiwa kazini, bila kumwambia abadilishe nguo. Sufuria zionekane.

Nyuma ya picha yetu sasa pameandikwa: Uvira, kama 1980. Majina sita. Na chini yake: koko, fundi wa nguo.