Muhuri wa Kukodi

Fundi aliyetandaza nyaya katika nyumba yangu kule Chanika alifanya kazi siku nne. Alitindua kuta kwa mstari ulionyooka, akapitisha paipu, akaukataa waya mwembamba niliokuwa nimeununua kwa kufuata bei, akachimbia athi mwenyewe katika udongo mgumu hadi viganja vikatoka malengelenge. Nilipomuuliza lini tutaomba kuunganishiwa umeme, alijifuta jasho akacheka. "Bado muhuri, bosi. Huo unalipiwa pembeni."

Fomu ilikwenda kwa bodaboda na kesho yake ikarudi kwa bodaboda. Mkandarasi aliyeigonga muhuri ana leseni halali, ila nyumba yangu aliijua kwa mchoro tu. Mwenye ujuzi hakuwa na leseni, mwenye leseni hakushika koleo, na mimi nikalipa mara mbili.

Tangu siku hiyo, kila nikisikia serikali inapitia upya kanuni za leseni, huwa najiuliza: leseni ipi? Neno ni moja, lakini tumelibebesha mizigo mitatu.

Mzigo wa kwanza ni mapato. Leseni ya biashara, ambayo Tanzania Bara inatokana na sheria ya mwaka 1972, hutolewa na BRELA kwa biashara za Kundi A na halmashauri kwa za Kundi B. Mwenye saluni akilipia leseni hiyo, hakuna anayemuuliza kama anajua dawa ya nywele ikae kichwani dakika ngapi. Hiyo ni ada, na ipimwe kama ada: inaingiza kiasi gani, na inampotezea mlipaji siku ngapi za kazi.

Mzigo wa pili ni kugawana soko. Amri ya Julai 2025 iliwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo kutengeneza simu na kuongoza watalii. Majirani, hasa Wakenya, walilalamika wakitukumbusha Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika mwaka 2010. Mtu anaweza kuiunga mkono amri hiyo au kuipinga, ila asituambie kwamba inamlinda mteja. Inamlinda mfanyabiashara mzawa, na hoja hiyo ijadiliwe kwa jina lake.

Mzigo wa tatu ndio unaostahili jina la leseni: kulinda uhai na mali. Machi 29, 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo jingine likaanguka Kariakoo, likafukia wafanyabiashara na wateja wao. Anayepanga fremu kwenye ghorofa hawezi kupasua nguzo aone nondo zimepangwaje. Mgonjwa hawezi kuonja kidonge akajua kama ndicho. Pale ambapo mteja hawezi kujua, na kosa likishatendeka halirekebishiki, lazima awepo anayejua kwa niaba yake. Kinyozi akikosea, nywele zitaota. Hatari yake iko kwenye mashine isiyosafishwa, na dawa ya hiyo ni bwana afya kupita ghafla na kukagua, hata kama kinyozi hana cheti ukutani.

Lakini tukubali pia jambo linalouma. Jengo la Indira Gandhi lilipoanguka, Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Bodi ya Usajili wa Makandarasi zilikuwapo, kila moja na sheria yake ya mwaka 1997. Karatasi hazikukosekana nchini. Leseni humpima mtu mara moja, mlangoni. Zege humwagwa kila siku, huko ndani, na huko ndiko macho yanakohitajika.

Hapo ndipo muhuri wa kukodi unapoota mizizi, na haujaota kwenye umeme peke yake. Kanuni inataka kila famasi iwe na mfamasia msimamizi. Zipo ambazo cheti chake kinaning'inia ukutani kwenye fremu safi, mwenyewe yuko mji mwingine, na anayekukabidhi dawa dirishani ni kijana aliyefundishwa kazi na mwenye duka. Mtaani wanaita kukodisha cheti. Kanuni imetimizwa, mteja hajalindwa.

Biashara hii haistawi kwa sababu ya tamaa tu. Inastawi pale kanuni inapodai sifa ambazo wenye nazo ni wachache kuliko kazi iliyopo. Kazi haisubiri: nyumba zinajengwa, watoto wanapata homa usiku. Ikifanywa na wasio na karatasi, mwenye karatasi anageuka kupe: anakula bila kutembea.

Tulishawahi kulitatua tatizo la namna hii, na vizuri. Zamani vijijini kulikuwa na maduka ya dawa baridi. Kwa sheria yaliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari tu. Chini ya meza yaliuza hata antibayotiki, kwa sababu mgonjwa hakuwa na pengine pa kwenda. Serikali ingeweza kuyafunga yote, au kudai kila moja liwe na mfamasia, jambo ambalo lingekuwa ni kuyafunga kwa maneno ya adabu. Mwaka 2003, kuanzia Mkoa wa Ruvuma, iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ilichagua njia ya tatu: Duka la Dawa Muhimu. Muuzaji alifundishwa kwa takriban wiki tano, akapewa orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza, zikiwemo antibayotiki kadhaa, duka likawekewa masharti ya jengo na kumbukumbu, na wakaguzi wakatafutwa hukohuko wilayani. Mpango ukaenea mikoani, na Uganda na Liberia wakaja na maduka ya mfano huo.

Dosari zipo. Wapo wanaouza nje ya orodha, na wapo waliofunzwa ambao wameshahamia kazi nyingine. Hata hivyo, fikra iliyo nyuma yake ni sahihi: iangalie kazi yenyewe, uliza inahitaji ujuzi gani hasa, kisha toa leseni inayolingana nayo.

Kwa fundi wangu, vipande vya suluhisho vimeshakatwa, vinasubiri kuunganishwa. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ambapo fundi hupimwa kwa anachokijua bila kuulizwa alikijulia wapi. EWURA nayo hugawa leseni za ufundi umeme kwa madaraja. Inabaki kuifikisha njia hiyo hadi saiti: mpimaji amfuate fundi kazini, na ada ya daraja la chini ilipike kwa kipato cha anayewekea umeme nyumba za vyumba vitatu. Fomu ya kuomba umeme nayo itaje aliyetandaza nyaya, pamoja na aliyemsimamia. Halafu zichaguliwe nyumba chache kwa kushtukiza, masanduku ya swichi yafunguliwe, na mwenye muhuri asiyewahi kufika pale aeleze aligonga nini.

Wapo watakaosema huku ni kushusha viwango. Ningewaunga mkono kama viwango vinavyosemwa vingekuwa vinafika ukutani kwangu. Kwa sasa viko juu sana kwenye kanuni, na saiti kilichopo ni dhamira ya fundi tu.

Maboresho ya mazingira ya biashara yaliyoanza na mpango wa mwaka 2018 yamejitahidi kupunguza milango. Mwaka 2019 usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamishiwa TBS, na mamlaka ya dawa ikabaki na dawa na vifaa tiba. Mwenye kiwanda cha kusindika nyanya akapumua. Ila kuhesabu milango iliyofungwa hakutoshi. Kila leseni inayobaki iitwe mbele na iulizwe: unazuia madhara gani, na unamkamata nani, aliyefanya kazi au aliyeigonga muhuri? Isiyo na jibu ibaki daftari la majina, bila ada.

Mwezi uliopita swichi kubwa ya nyumbani ilianza kujizima kila nikiwasha pasi. Sikumtafuta mkandarasi, sijui hata anapokaa. Nilimpigia fundi. Alikuja jioni na testa yake, akakuta waya umelegea nyuma ya soketi, akaukaza, akakataa pesa ya nauli. Endapo nyumba ile ingeshika moto, jina ambalo serikali ingelikuta kwenye fomu ni la mtu asiyeijua hata rangi ya mlango wangu. La aliyeiwekea umeme liko kwenye simu yangu tu.