TAMKO LA TAWI: VIJANA WA CHUO WANARUDI, TUSIWAITE KUPIGA MAKOFI TU



Vyuo vinafunga. Vijana wetu wanaosoma Dodoma, Mbeya, Morogoro, Dar es Salaam, na hapa hapa mkoani kwenye Kampasi ya Mizengo Pinda ya SUA kule Kibaoni, wanaanza kurudi nyumbani. Tulipendekeza Tawi liwape wale watakaopenda wiki sita za kujitolea na kujifunza uongozi. Maoni yenu tumeyasoma yote. Wengi mmeunga mkono. Wapo waliouliza: kijana asiye na kadi tumhangaikie ya nini? Na wapo waliofurahi kwamba sasa tutapata watu wa kupamba mikutano. Tunatoa msimamo wetu mapema, ili Jumamosi kila mmoja aje kikaoni akijua tunatetea nini.

Tuanze na historia, maana jambo hili nchi yetu imewahi kulipitia kwa uchungu.

Chuo kikuu chetu cha kwanza kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Chama kilitoa nyumba yake ili watoto wa wakulima wasome. Miaka 5 tu baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo hicho waliandamana hadi Ikulu wakipinga mpango wa kuwapeleka Jeshi la Kujenga Taifa kwa lazima baada ya masomo. Waliona masharti ni magumu na makato ya mshahara ni makubwa mno. Mmoja wa mabango yao ulisema afadhali wakati wa mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, na zaidi ya wanafunzi 300 walirudishwa makwao.

Sehemu hiyo ya kisa tunaipenda sana sisi watu wa Chama, na tukiisimulia tunaishia hapo: vijana walideka, Mwalimu akawanyoosha. Lakini kisa hakikuishia hapo. Wanafunzi wale walisema pia kwamba wanaoambiwa wajinyime ni wao, huku wakubwa wakineemeka. Kwa neno hilo Mwalimu hakuwabishia. Siku ile ile alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi wakubwa nayo ikapunguzwa. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake ya uongozi. Wengi wa wale waliofukuzwa walisamehewa, wakarudi masomoni, wakaja kulitumikia Taifa.

Ndugu wanachama, somo lina pande mbili. Aliyesomeshwa na jasho la wengine ana deni kwao. Lakini anayemdai deni hilo naye aonekane akilipa la kwake.

Sasa tujitazame. Mwaka wa uchaguzi tunajua sana kuwatafuta vijana. Tunawapakia kwenye malori, tunawagawia fulana na soda, tunawafundisha nyimbo. Kura zikishahesabiwa, hatujui hata anayesoma wapi. Akija ofisini kuuliza kuhusu mapato ya kijiji, tunamwambia asubiri zamu yake. Halafu tunalalamika kwamba vijana hawapendi siasa. Kosa hili ni letu, na tunalikiri mbele yenu.

Kazi za kufanya hazikosekani. Mnazijua.

Kuna vijana waliomaliza kidato cha sita ambao maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanafanyika kwa mtandao, na mzazi aliyeko Ilunde au Kamsisi hajui aanzie wapi. Cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa, fomu haijapata sahihi, siku zinakwisha. Mwanafunzi aliyeipita njia hiyo mwaka juzi anaweza kuokoa masomo ya mwenzake kwa saa mbili za kukaa naye.

Kuna vikundi vya akina mama, vya vijana na vya watu wenye ulemavu vinavyotaka mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 inayogawanywa 4, 4 na 2. Vingi vinakwama kwenye katiba ya kikundi na andiko la mradi. Mwanafunzi wa biashara au wa maendeleo ya jamii anaweza kuketi na kikundi hadi karatasi zikakamilika.

Kuna warina asali wetu. Ukonongo ni nchi ya asali tangu enzi za babu zetu, lakini wengi bado wanauza kwa ndoo bila kumbukumbu, na bei anapanga mnunuzi. Kijana anayesoma mambo ya misitu au kilimo afuatane na mzee porini. Atajifunza kwa mzee jinsi ya kuchagua mti wa kutundika mzinga, na mzee atapata daftari la mavuno na mauzo. Hapo kila mmoja ni mwalimu wa mwenzake.

Na kuna mkutano mkuu wa kijiji, ambao sheria inataka ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Tunataka vijana hawa wahudhurie, waulize, wajifunze kusoma taarifa ya mapato na matumizi, na wawasaidie wananchi kuielewa. Tunasema wazi: hata pale mwenyekiti wa kijiji anapokuwa mwenzetu. Uongozi haujifunzwi kwa kupiga makofi. Unajifunzwa kwa kuuliza swali kwa adabu na kukaa chini kusubiri jibu.

Kwa hiyo msimamo wetu kuhusu kadi ni huu: kijana yeyote wa Mlele anayesoma chuo apokelewe, awe na kadi yetu, ya chama kingine, au asiwe na kadi kabisa. Mtoto atakayesaidiwa hesabu za kidato cha nne hataulizwa baba yake alimpigia nani kura. Akiona tunafanya kazi ya watu kwa haki, kadi atakuja kuiomba mwenyewe. Asipokuja, kazi itakuwa imefanyika, na Inyonga itakuwa imefaidika. Wanaohofia kwamba tutawalea wapinzani wetu wajiulize: tumewapoteza vijana wangapi kwa kuwasaidia, na wangapi kwa kuwatumia?

Kuna jambo moja tunalisema bila kuzunguka. Binti wa chuo anayekuja kujitolea hajaja kutafutwa. Mabinti watakaotoka vijiji vya mbali watakaa kwa akina mama watakaopitishwa na kikao, na watafanya kazi wakiwa wawili wawili. Kiongozi atakayemsumbua hatapelekwa kwenye suluhu ya chini ya mwembe. Atapelekwa kwenye vyombo vya sheria, na Tawi halitamtetea.

Turudi kwenye deni letu. Haifai kumwambia kijana ajitolee huku sisi tunasubiri posho ya kikao. Kwa hiyo tunaleta mapendekezo haya kikaoni Jumamosi, saa nne asubuhi:

1. Kwa wiki zote sita, sisi viongozi wa Tawi tusilipwe posho ya kikao. Fedha hiyo iwe nauli ya vijana kwenda vijijini.

2. Kila mjumbe wa kamati achangie debe moja la mahindi au amhifadhi mwanafunzi mmoja nyumbani kwake.

3. Kila kijana akabidhiwe kwa mzee au mama mmoja wa kumwongoza, na kila Ijumaa kiongozi mmoja wa Tawi awe naye kazini, si ofisini.

4. Wakati wa kazi hizi pasiwe na fulana, bendera wala nyimbo za Chama.

5. Mwisho wa wiki sita vijana watusomee taarifa yao hadharani, pamoja na waliyoyaona kwetu yasiyofaa. Tutasikiliza bila kumkatiza mtu.

Mwenye hoja tofauti aje nayo, tutaijadili kwa heshima. Lakini tunaomba asije mtu kupinga namba 1 huku akiunga mkono zilizobaki. Mwaka 1966 vijana waliwauliza wakubwa kama nao watajinyima. Wa kwetu watatuuliza swali hilo hilo, na ni vizuri watukute tumeshalijibu.

Wazazi wenye watoto vyuoni, tuleteeni majina kabla ya Jumamosi kupitia kwa wajumbe wenu wa mashina.

Imetolewa na Katibu Mwenezi kwa niaba ya uongozi wa Tawi, Inyonga. Tafadhali mfikishie na mwenzako asiye na simu.