Auto Siyo Gari ya Bi Mkubwa: Kijana wa Isaka Aliyekula Mtaji Kisa Klachi

Pale Isaka, ukikaa kwenye banda lolote la chai karibu na maegesho ya maroli, kuna ndinga moja nyeupe utaisikia kabla hujaiona. Mark II GX100, imeshushwa mpaka inakaribia kulamba lami, rimu pana, vioo vyeusi, eksozi nene kama bomba la maji. Mwenye nayo ni kijana wa mpunga. Anazunguka vijijini Kahama kununua, anakoboa, anapakia. Siyo tajiri, ila anajituma, na gari aliinunua kwa jasho lake, watu wanajua.

Mwaka jana akarusha video akiizungusha kwenye uwanja wa vumbi. Ikapasua. Mioyo, moto, "baba lao", kila kitu. Mpaka mmoja akagandisha video pale mkono wa jamaa unapoonekana kwenye leva, akaandika: "Chuma kikali ila ni auto, mpe bi mkubwa aendee sokoni."

Basi. Pongezi zote zile zikafa, ikabaki hiyo moja kichwani. Wiki ile ile jamaa alikuwa gereji anauliza bei ya kutoa auto na kuweka manyuali.

Na hela ilitoka wapi? Kwenye mpunga. Msimu ulipofika, wenzake wananunua magunia, yeye ananunua flaiwili.

Ubishi wa manyuali na auto ukiusikiliza vijiweni unaonekana ni wa kifundi. Siyo. Nusu yake ni aibu tupu. Mtu haulizi injini yake inataka nini, anauliza washkaji watasemaje. Halafu anamwachia fundi milioni zake ili mtu asiyemjua, aliyeko Dar au Mwanza na bando la mia tano, aache kumcheka.

Isaka hiyo aibu ina mizizi, tusiidharau. Mji umekulia kwenye reli na maroli. Bandari kavu iko pale, mzigo wa Rwanda na Burundi unapita pale, na staa wa mji tangu zamani ni dereva wa semi. Madogo wengi walianza kama utingo, wakijifunza gia kwa kusikiliza injini, wakipigwa kofi la kisogo kila gia ikilia. Kwa mtu aliyetoka huko, kusogeza leva kwenye D na kukaa tu ni kama kuletewa ugali umeshamegwa. Unashiba, ila mkono unauliza kazi yake nini.

Ila wanaoleta hizo kejeli wangetoka nje wakaangalie maroli yenyewe. Volvo yenye I-Shift haina pedali ya klachi. Scania nyingi za Opticruise nazo gia zinajipanga zenyewe. Dereva mwenye tani thelathini mgongoni hachekwi, anayechekwa ni mwenye Mark II ya kwendea harusini.

Kuna dada mmoja, madereva wa njia ya Rusumo wanamfahamu, anaendesha semi ya Kichina yenye gia nyingi kuliko vidole vya mkono. Manyuali tupu. Akiwa nyumbani anatembelea Verossa ya auto, safi, imekaa chini, muziki mzito. Siku moja kijana akamtania kwa nini dereva kama yeye anaendesha auto. Akamjibu, "Mdogo wangu, mguu wangu wa kushoto unafanya kazi siku sita. Jumapili na wenyewe unasali." Kijana akacheka, mada ikaishia hapo. Anayejua kuendesha hana cha kuthibitisha kwa leva.

Sasa turudi kwenye ile GX100, maana hapo ndipo hesabu inapouma. Injini yake ni 1G-FE, silinda sita, cc 2000. Za mwanzo zilikuwa na nguvu za farasi 140, na kuanzia 1998 zilipoletwa za VVT-i zikafika 160. Ni injini tamu, haina makelele, inavumilia. Lakini siyo injini ya mbio, na hakuna giaboksi duniani inayoongeza farasi. Ukiitoa auto ukaweka manyuali, farasi ni wale wale. Unachopata ni uhuru wa kuchagua gia na raha ya mguu. Raha ni kitu halali kabisa, watu wananunua viatu vya laki tatu. Ila mtu aseme ananunua raha, asidanganye kwamba ananunua spidi.

Na kwa spidi ya kuondokea, wanaocheka auto wangeshangaa. Hizi ndinga za kuchezewa zilianzia Marekani, California, vijana wakichukua Ford za 1932, wanazivua bodi, wanazichomeka injini kubwa. Walianza na manyuali za gia tatu kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Lakini kwenye mashindano ya kunyooka, yale ya kuondoka taa ikiwaka, mpaka leo wapo wanaotumia Powerglide, auto ya Chevrolet iliyotoka 1950. Ina gia mbili tu! Sababu ni lile dude la duara lililojaa oili kati ya injini na giaboksi, konveta. Gari ikiwa imesimama linazidisha msukumo wa injini, halafu halikosei mguu. Binadamu akitetemeka anachoma klachi, konveta haijui kutetemeka.

Hata Toyota wenyewe wamecheza pande zote mbili. Supra mpya ilikuja 2019 ikiwa auto peke yake. Mashabiki wakapiga kelele, 2022 wakaletewa manyuali, na bado ya auto ndiyo inayoondoka haraka zaidi. GR Yaris ya turbo ilianza na manyuali peke yake 2020, na 2024 nayo ikaongezewa auto. Wahandisi wa Japani hawana aibu ya leva. Aibu iko huku.

Haya, gereji. Kubadilisha auto kuwa manyuali siyo kuchomoa hiki na kuchomeka kile. Giaboksi yenyewe ni mwanzo tu. Inatakiwa flaiwili kwa sababu gari ya auto haina, ina sahani nyembamba. Inatakiwa sahani ya klachi, presha, beringi, silinda mbili za mafuta ya klachi, pedali mpya, na ya breki ikatwe maana ya auto ni pana. Propela shafti ikipishana urefu inakatwa na kuchomelewa, na ikichomelewa vibaya gari inatetemeka ukifika themanini. Halafu kontroli boksi: ile ya auto inasubiri taarifa kutoka kwenye giaboksi ambayo haipo tena, kwa hiyo taa inawaka kwenye dashibodi na fundi anaiziba kwa kipande cha tepu. Wapo wanaofanya hivyo kweli, na wanapokea hela.

Ila kuna waya mmoja ambao hauchekeshi. Gari ya auto haiwaki mpaka leva iwe kwenye P au N. Ni usalama. Ukiweka manyuali, swichi ile inakuwa haina kazi, na fundi wa haraka anachofanya ni kuunganisha waya moja kwa moja ili gari iwake. Fundi wa kweli anaweka swichi kwenye pedali, isiwake mpaka klachi ikanyagwe. Tofauti ya hao wawili ni swichi moja ndogo.

Kijana wa mpunga alipata wa kwanza.

Gari ilikaa gereji miezi minne. Ilipotoka akaipaki kwa mama ntilie mmoja, akaiacha kwenye gia ya kwanza kwa sababu hendibreki ilikuwa legevu. Rafiki yake akaomba funguo asikilize muziki. Mkono ukazungusha zaidi kidogo, injini ikashtuka, gari ikaruka mbele kama mbuzi. Ikang'oa nguzo ya banda na kumwaga sufuria la maharage. Mtoto wa mama ntilie alikuwa ametoka hapo dakika hiyo hiyo kufuata maji. Mama hakutukana. Alimwita mwanae, akamshika mkono, akakaa naye chini mpaka watu wakamaliza kunyanyua mabati.

Video ya siku hiyo haikurushwa.

Je, ina maana manyuali ni ujinga? Hapana, na wanaosema hivyo nao wanazingua. Zipo gari ambazo kuzipa auto ni kuzifunga kamba. Altezza RS200 ni mfano mzuri. Injini yake, 3S-GE, nguvu zake zinakaa juu kabisa, lazima uipigishe kelele mpaka zaidi ya mzunguko elfu saba ndipo ikuoneshe meno. Ya manyuali ina gia sita, na kiwandani ilipewa farasi 210 wakati ya auto ilipewa 200. Pale leva ni sehemu ya injini. Anayeinunua RS200 ya auto kwa ajili ya mbio, kakosea dukani.

Mwingine ni mwenye 1JZ-GTE, ile ya turbo ya Mark II Tourer V na Chaser, farasi 280 toka kiwandani. Ikibaki hivyo hivyo, auto yake inaihimili vizuri. Akianza kuongeza upepo wa turbo, auto ya gia nne inaanza kuteleza ndani, oili inaungua, na siku moja anakanyaga mafuta, injini inalia lakini gari haiendi. Huyo atafute manyuali ya R154 kamili, ikiwezekana kwenye gari lililokatwa nusu ili pedali, shafti na kontroli boksi vije pamoja. Na anayetaka dirifti naye asibishane na mtu: kupiga klachi ili matairi ya nyuma yaachie ni nusu ya mchezo wenyewe, na auto inaweza kukubadilishia gia katikati ya kona.

Sababu nyingine ya manyuali huku ni ya kawaida kabisa na haisemwi kwenye video. Betri ikifa porini kati ya Tinde na Isaka, manyuali inasukumwa na watu wanne, inawaka. Auto haisukumwi. Na ikivutwa kwa kamba mwendo mrefu, matairi ya nyuma yanazungusha giaboksi bila oili kusukumwa ndani, unafika nyumbani na giaboksi imekufa. Ukivutwa, fungua propela shafti kwanza. Vijana wangapi wenye Mark II wanalijua hilo?

Kwa ndinga kama ile ya mpunga, yenye 1G-FE, ya kutamba wikendi na kwenda Kahama na kurudi, auto ilikuwa imetosha. Adui yake mkubwa siyo kejeli, ni joto, na Shinyanga joto lipo la kugawa. Konveta ikiteleza inatengeneza joto, joto linachosha oili, oili iliyochoka inakula giaboksi. Dawa yake haifiki hata robo ya hela aliyotumia: oili sahihi ya Toyota na siyo ya pipa, rejeta ndogo ya kupozea oili ya giaboksi mbele ya ile kubwa, na kuacha tabia ya kuizungusha kwenye vumbi dakika ishirini mfululizo saa nane mchana. Akitaka kucheza na gia kidogo, leva ina 2 na L, na kitufe cha ovadraivu kipo pembeni, hata hakijawahi kubonyezwa.

Na kama hamu ilikuwa ni kushindana barabarani, hapo hakuna manyuali wala auto ya kutetewa. Barabara ya Kahama ina maroli, ina bodaboda, ina ng'ombe wa watu, ina watoto wa shule. Tochi ya trafiki kwenye kibao cha hamsini haiangalii una pedali ngapi.

Jamaa bado anaiendesha. Swichi ya klachi imewekwa, na fundi mwingine, mzee mmoja ambaye hata simu ya kugusa hana. Alimaliza kazi kwa saa moja, akamwambia, "Mwanangu, hii ungeniletea mwanzo," akadai hela ya soda. Nguzo ya mama ntilie ilirudishwa, na kijana kwa sasa ananunua mpunga kwa hela ya mtu mwingine, kwa kamisheni.

Ile auto yake ya zamani fundi wa kwanza aliichukua kama sehemu ya malipo, akasema ni chakavu. Iko kwenye Cresta moja ya mchomoko, inabeba abiria Isaka kwenda Kahama, mara nne au tano kwa siku, saba wamebanana. Inaingiza gia kimya kimya, huwezi hata kuisikia ikibadilisha.