Mpala: Biashara ya watu ya leo haiji na minyororo

Mpala, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika kusini mwa Kalemie, kinaijua biashara ya watu tangu zamani. Kuanzia 1885 Mapadri Weupe walipokea hapo watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa. Mwaka 1887 Mfaransa Léopold Joubert alifika kuilinda misheni kwa silaha.

Wakati ule mvamizi alijulikana. Leo anayemchukua msichana huja na ahadi: kazi ya nyumbani mjini, masomo, ndoa ng'ambo ya ziwa. Mapigano ya Watwa na Waluba, kisha wimbi la wakimbizi wa vita vya Kivu mwaka 2025, yameacha familia nyingi jimboni Tanganyika bila mashamba. Mzazi mwenye njaa hakatai haraka.

Lakini kukubali kwa mzazi hakumwondolei msafirishaji hatia. Kwa Itifaki ya Palermo, ambayo Kongo ilijiunga nayo mwaka 2005, kumchukua mtoto wa chini ya miaka 18 ili atumikishwe ni kosa, hata bila nguvu wala udanganyifu. Sheria ya Desemba 2022 iliingiza biashara ya watu katika kanuni ya adhabu ya Kongo.

Tatizo ni ushahidi. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa anaweza kupewa jina na umri wowote bandarini. Kumwandikisha ndani ya siku 90 ni bure kisheria. Ulinzi unaanzia hapo, pamoja na maswali ya kuuliza kabla boti haijaondoka: anakwenda kwa nani, wapi, na nani atajibu asiporudi?